Paipu ya Breki ya Kushoto

Bhoke mwanangu,

Sikuulizi kama hujambo, maana nakusikia. Uko hapo nje unaosha pikapu, na umeanza tena ule wimbo wa kwaya ambao hujawahi kujua ubeti wake wa pili. Mimi niko mezani, nimechukua daftari lako la kidato cha nne ulilolijaza nusu, naandika kwenye kurasa ulizoacha tupu. Mama yako amekwenda kanisani kwenye kikao cha akina mama na atarudi jua likiinama. Kesho asubuhi unaondoka kwenda Ringwani kuanza kazi yako ya uuguzi, na kuna jambo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo tangu Jumamosi. Mimi kwa mdomo ni mtu wa kelele, unanijua. Nikipandisha sauti naweza kumaliza saa nzima na nisiwe nimesema kitu.

Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na watu wa kukaa nao mbali, mama yako ameshayasema mara nne. Atayarudia kesho ukiwa umeshawasha injini. Sina la kuongeza huko. Nataka kurudi kwenye swali uliloniuliza Jumamosi ukiwa umelala chini ya pikapu.

Unakumbuka tulivyoanza. Nilikuambia kwamba macho yangu hayaiwezi tena barabara, kwa hiyo pikapu ni yako, lakini haitatoka kwenye uwanja huu mpaka ubadilishe breki shuu za nyuma kwa mikono yako mwenyewe. Ukasema, "Baba, mimi ni nesi, siyo fundi." Nikakuambia Ringwani hakuna atakayekuuliza wewe ni nani siku pedeli itakaposhuka mpaka chini. Ukavaa ovaroli langu la zamani, ukafunga kitambaa kichwani, ukaonekana kama mwizi wa kuku. Nilicheka, ukaninunia.

Lakini ulifanya vizuri, na nakiri sikutegemea. Uliweka mawe kwenye matairi ya mbele bila kukumbushwa. Ulilegeza nati kabla ya kupandisha jeki. Nilipokuletea matofali ya kuegemeza, uliyakataa, ukasema tofali linapasuka, ukaenda kuvingirisha lile gogo la mkaratusi. Hilo hukufundishwa na mimi, mimi nimelala juu ya matofali miaka yote na Mungu alikuwa ananiangalia tu. Ulishusha hendibreki ili dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki, itoke, na ilipogoma hukuipiga kwa hasira kama mimi. Uliigonga pole pole kuizunguka yote, ikaachia yenyewe.

Vumbi lile jeusi la ndani ulitaka kulipuliza kwa mdomo nikakupigia kelele. Nafurahi nilikupigia. Lile vumbi halipulizwi, linamwagiwa maji kwanza, maana kifua hakina spea. Kisha nikakuonyesha breki shuu zilivyokuwa zimekwisha: ile sehemu nyeusi inayosugua dramu ilibaki nyembamba kama ukoko wa ugali, na upande mmoja chuma kilishaanza kugusa chuma. Ndiyo ile sauti ya kukwaruza uliyokuwa unaisikia ukiteremka kutoka sokoni. Tukafungua gurudumu moja tu kwanza, la pili tukaliacha limefungwa, ili ukisahau springi ipi ilikaa wapi uende kuchungulia kwa mwenzake. Ulipofika kwenye springi ya juu ikakuruka na kupotelea kwenye majani. Tuliitafuta mpaka mbuzi wa jirani wakaja kutusaidia.

Ukapaka grisi kidogo sana kwenye zile sehemu za sahani ya nyuma ambapo breki shuu inateleza, ukafuta mikono kabla ya kushika shuu mpya. Ukaangalia zile kofia za mpira za silinda ndogo ya breki, ile inayosukuma shuu, ukazifunua kwa kucha, zote zilikuwa kavu. Ukarudisha dramu, ukakaza adjasta inayosogeza shuu karibu na dramu, ukazungusha gurudumu mpaka likawa linazunguka huku likinong'ona kidogo. Ukasema, "Baba, linanong'ona." Nikasema basi, hapo hapo, acha. Kisha ukahamia upande wa pili ukafanya yote peke yako, mimi nimekaa kwenye kigoda nakunywa chai.

Kisha ukalala chali chini ya pikapu kuangalia kama kuna mafuta ya breki yanavuja, na ukaniuliza: "Baba, mbona paipu ya kushoto inang'aa na ya kulia imechakaa? Si zilizaliwa pamoja?"

Nikasema, "Panya walitafuna ya kushoto."

"Panya gani anatafuna chuma?"

"Panya wa Nyarero."

Ukacheka mpaka ukagonga kichwa kwenye ekseli. Na mimi nikacheka. Kicheko chako kilikuwa cha kweli. Changu kilikuwa cha mtu aliyekoswa na gari.

Hapakuwa na panya, Bhoke.

Ulikuwa darasa la tano. Mama yako alikuwa bado anatembea kwa miguu miwili iliyo sawa, na ulikuwa unamkimbiza kwenda kisimani na hukuwahi kumpata. Ng'ambo ya Sirari, kwa shangazi yako, kulikuwa na kikao cha mahari ya binti yake. Mimi ndiye mjomba. Unajua kwetu kikao kama kile bila mjomba ni kama hakijakaa, na mjomba anayefika amechelewa anasemwa mpaka wajukuu. Nilikuwa nimeshawaambia watu wote kwamba sitafika kwa miguu wala kwa bodaboda, nitafika na pikapu yangu, mke wangu kwenye kiti cha mbele na ndizi nyuma.

Siku moja kabla, pedeli ya breki ikaanza kushuka. Nikamwita fundi Mwita. Wakati ule Mwita alikuwa na karakana yake pale njia panda, na hakuna gari lililokuwa linapita hapa Nyarero ambalo hakulijua kwa mngurumo wake. Alikuja mchana, akafungua gurudumu la nyuma la kushoto, akaniita kama tunavyoitana wanaume wa huku, "Mura, njoo uone."

Nikaona. Silinda ndogo ilikuwa imekufa mpira, mafuta ya breki yametiririka yakaloanisha breki shuu zote mbili. Zilikuwa zinang'aa kama maandazi.

"Hizi hazifai tena," akasema. "Shuu iliyolewa mafuta haishiki. Inatakiwa silinda mpya na shuu mpya, pande zote mbili, siyo upande mmoja. Kesho naenda Tarime mjini nikatafute."

"Kesho jioni nitakuwa nimechelewa. Zifute kwa petroli, funga hivyo hivyo, nikirudi tutabadilisha."

"Sifungi."

"Umesemaje?"

"Sifungi, mura. Fundi akifunga gurudumu, amesema ni zima. Hili si zima."

Ningekuwa mtu mwenye akili ningenyamaza hapo. Lakini majirani wawili walikuwa wamesimama wanasikiliza, na mimi sikuweza kuambiwa "sifungi" kwenye uwanja wangu mbele za watu. Nikamuuliza mwenye gari ni nani, yeye au mimi. Nikamwambia anatafuta kazi ya kujishibisha. Nikasema na mengine ambayo sitayaandika kwa sababu ya mama yako. Mwita alifuta mikono, akakusanya spana zake moja moja, akasema, "Gari ni yako. Gurudumu nimeliacha wazi. Kesho jioni nitalifunga likiwa zima."

Akaenda. Kesho yake asubuhi, yeye akiwa njiani kwenda mjini kunitafutia spea, mimi nilichukua plaizi na nyundo.

Kuna kitu madereva wa zamani walikuwa wanafanya na kujisifia. Silinda ya gurudumu moja ikivuja, waliinyonga paipu yake. Unaikunja, unaibana kwa plaizi, unaipiga nyundo mpaka ifungike kabisa, mafuta yasiende tena upande ule. Pedeli inapanda, inakuwa ngumu, unajiona umepona. Gari inabaki na breki tatu. Nilikuwa nimewasikia wakisema wametoka Musoma na breki tatu, wengine mbili, na wote walikuwa hai, maana waliokufa hawakuwepo pale kusimulia. Nikainyonga paipu ya kushoto. Nikairudisha dramu, nikafunga gurudumu, nikakanyaga pedeli. Ikawa juu, ngumu, safi. Nilijisifu kwa sauti. Nilisema, "Mwita atajifunza kazi."

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Tulikuwa tunateremka ule mteremko wa mwisho kabla ya daraja, mama yako ananihadithia habari za yule bwana arusi, ng'ombe wakaingia barabarani. Sikuwa na mwendo mkubwa. Nikakanyaga breki. Gurudumu la kulia likashika, la kushoto halikushika, matope yakafanya yaliyobaki. Pikapu ikageuka kuelekea kulia kama mtu aliyeshikwa mkono, ikavuka barabara kwa ubavu, ikaangukia mtaroni, upande wake wa kushoto ukiwa chini. Upande wa mama yako. Mlango ukaubana mguu wake. Mimi sikupata hata mchubuko. Nilitoka kupitia dirishani nikiwa na kofia kichwani.

Yaliyofuata unayajua, alivyolala hospitali mpaka ukamaliza mitihani, alivyorudi akitembelea gongo. Usiyoyajua ni yale niliyoyafanya mimi katikati ya hapo.

Watu walivuta pikapu mpaka hapa nyumbani. Siku ya pili, kabla sijaenda hospitali kumwona mama yako, sikiliza vizuri, kabla sijaenda kumwona, niliingia chini ya pikapu nikaitoa ile paipu iliyonyongwa. Nikaificha ndani ya kopo la misumari. Nilifunga paipu mpya ya shaba, isiyoshika kutu, niliyoitafuta kwa haraka kuliko nilivyotafuta damu ya kumwongezea mke wangu. Watu wakaja kunipa pole, na kila mmoja aliuliza swali moja: "Nani alifungua hiyo gari?"

Nikajibu, "Mwita."

Ni kweli alifungua. Hapo hakuna neno la uongo, na nilijishikia hilo kwa miaka mingi. Nilisema aliyefungua. Sikusema aliyefunga, na hakuna aliyeuliza.

Mwita alikuja hapa. Alikuja na silinda mpya na breki shuu mpya ndani ya mfuko, zile alizonunua siku ile ile. Aliinama akachungulia chini ya pikapu, akaiona paipu inang'aa. Akainuka akaniangalia. Mimi nikaangalia banda la kuku. Wazee walipokaa kwenye ritongo, ule mkutano wetu wa kuamua mambo, alisimama akasema, "Mimi niliacha gurudumu wazi." Nami nikasema, "Lakini ni wewe uliyelifungua," nikatoa machozi, na yalikuwa machozi ya kweli kwa sababu mke wangu alikuwa kitandani. Wale majirani wawili walidhani alirudi baadaye akalifunga, na nani angemwamini yeye? Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemfukuza. Waliacha tu kumpelekea magari. Kabla ya mwaka kuisha alifunga karakana akahamia Matongo, kule machimboni. Fundi aliyekuwa anajua gari kwa mngurumo, sasa anaziba pancha za bodaboda na kubadilisha mikanda ya mashine za kusagia mawe ya dhahabu.

Nakuja kwako sasa. Hapa ndipo kalamu inaponiwia nzito.

Wewe ni mtoto ambaye anaamkia kila mtu. Unamwamkia hata yule mzee wa sokoni anayetukana mawe. Sasa kumbuka msiba wa bibi yako, ulikuwa kidato cha pili. Mwita alikuja kutoka Matongo kwa ajili ya msiba, akakaa pale ukutani peke yake. Ulikuwa unapita na beseni la kunawisha watu mikono. Kila mzee ulipomfikia ulipiga goti kidogo, "Shikamoo," "Marahaba." Ulipomfikia Mwita ulimmiminia maji, ukasema, "Habari." Kama mtu anavyomsalimia mwenzake wa darasani. Akanawa, akasema, "Nzuri, mwanangu." Watu waliokuwa karibu walisikia. Mimi nilisikia.

Nilipaswa kukuita pembeni. Baba yeyote angekuita. Sikukuita, na moyoni, Mungu anisamehe, nilifurahi. Niliona mwanangu ananipenda, anamchukia aliyemvunja mama yake mguu. Nilikula wali ule wa msiba nikiwa nimeshiba sifa. Aliyemvunja mama yako mguu ndiye aliyekuwa anakula wali.

Naona aibu kuandika hivi. Nimetembea nikazunguka chumba mara mbili, nimerudi.

Basi Jumamosi uliniuliza kuhusu paipu, nikasema panya. Usiku ule sikulala, na Jumatatu nilipanda bodaboda nikaenda Matongo. Nilikuambia naenda kuangalia mbegu. Nilimkuta Mwita kwenye kibanda chake, ameinamia tairi la pikipiki. Amezeeka kuliko mimi ingawa tulitahiriwa mwaka mmoja. Nilisema yote, nimesimama, mbele ya vijana wawili waliokuwa wanasubiri pikipiki zao. Nikasema nina mtamba mzuri, mweusi mwenye baka jeupe, kesho ataletwa hapa, tuimalize kama wanaume wanavyomaliza.

Aliendelea kutafuta pancha ndani ya beseni la maji mpaka mapovu yakatoka. Ndipo akasema, "Mtamba wa nini? Nitamkamua kisha niseme nini?"

"Unataka nini, Mwita? Sema."

"Watu wa Nyarero utawaambia mwenyewe. Ng'ombe hajui kusema."

"Nitawaambia. Jumamosi kuna mkutano wa kijiji, nitaomba nafasi."

"Haya." Akakausha mpira kwa shati lake. "Na yule binti?"

"Binti gani?"

"Unamjua. Wakubwa wanilaumu, sawa, mkubwa analaumu leo, kesho anasahau. Mtoto aliacha kuniamkia akiwa na miaka kumi na moja. Nilikuwa nampa mipira ya zamani ya matairi acheze. Huyo umwambie kabla ya mkutano. Asisikie kwa watu."

Nikamwambia unaondoka Alhamisi na pikapu ile ile. Hapo, mwanangu, akaacha kazi kabisa. Unajua aliniuliza nini? Aliniuliza, "Breki zikoje?" Nikasema umebadilisha shuu mwenyewe. "Pande zote mbili?" Pande zote mbili. "Silinda ziko kavu?" Kavu. "Alikaza adjasta mpaka wapi?" Nikasema mpaka gurudumu likanong'ona. Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akasema, "Anajua kuliko baba yake." Kisha akasema shuu mpya hazijazoeana na dramu, lazima zikaguliwe baada ya mwendo kidogo, na Matongo ni mahali pazuri pa kusimama. "Kama hataki kusimama kwangu, asimame popote. Lakini asivuke Mto Mara bila kuyagusa magurudumu."

Nililia njia nzima ya kurudi. Kijana wa bodaboda alidhani ni vumbi.

Jana nilimwambia mama yako. Nilimkalisha, nikajikohoza, nikaanza mbali. Akanikatiza. "Baba Bhoke, siku ile nilikuwa nimekaa pale mlangoni nachambua mboga. Ulidhani nyundo haina sauti?"

Miaka kumi na mitatu. Alijua tangu akiwa kitandani hospitali. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Nilikuwa na mguu mmoja mzima, watoto watatu na mume mmoja. Ningesema, ningebaki na nini?" Kisha akaongeza kwamba yeye hajawahi kumnyima Mwita salamu, na kila mwaka wakati wa mavuno amempelekea mkewe debe la ulezi. Nilidhani lile debe linaenda kwa mchungaji.

Sina hotuba ya kukupa juu ya haya. Nitakuambia tu nilichokiona kwangu. Kosa la kunyonga paipu lilinichukua dakika kumi, na lilitokana na hasira na majirani wawili. Kama ningelisema siku ile ile, ningekuwa mjinga aliyemuumiza mke wake, watu wangenisema, wangechoka. Lile la pili nimelifanya kila siku kwa miaka kumi na mitatu, kila nilipoitikia "pole" ya mtu. Unakwenda kufanya kazi ambayo utafungua watu na kuwafunga. Siku moja utakosea, maana wote tunakosea, na atakuwepo mwenzako pembeni ambaye kosa lingemkaa vizuri. Utaijua siku hiyo ikifika. Utanikumbuka mimi na kofia yangu kichwani.

Haya, ya kesho. Kukiwa na umande teremka na gia ndogo, usiining'inie breki. Ukipita kwenye maji, kanyaga pedeli kidogo kidogo ukiwa unatembea, dramu zikauke. Ukiona hendibreki inapanda juu kuliko ilivyozoea, au mafuta ya breki yanapungua kwenye kikopo chake, usijiambie utaangalia kesho kutwa. Na siku yoyote fundi akikuambia "sifungi," mpe kiti akae, umpikie chai.

Matongo, upande wa kushoto, utaona kibanda cha mabati na matairi ya pikipiki yametundikwa ukutani. Simama. Shuka, pitisha mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu, usikie joto. La nyuma kushoto na la nyuma kulia yawe sawa. Moja likichoma, limebanwa mno. Atakapokuja na kitambaa chake mpishe aangalie, yeye atasikia ambacho wewe hutasikia.

Kwenye boksi la spana, chini kabisa, nimeweka kipande cha paipu chenye kutu, kimebanwa katikati na kupigwa nyundo. Ndicho kilichokuwa kwenye kopo la misumari. Mpe mkononi. Jumamosi atakuja nacho kwenye mkutano, na mimi nitawaonyesha watu alama za nyundo yangu.

Na umwamkie, Bhoke. Umwamkie kama ulivyokuwa ukimwamkia ukiwa mdogo unafukuza mipira ya matairi. Si wewe uliyemnyima. Ulikuwa mtoto, ukamnyima kwa sababu yangu, na ile shikamoo niliibeba mimi muda wote huu kama vile ilikuwa yangu.

Nilipanga kuiweka barua hii kwenye dashibodi uisome ukishafika Ringwani, mto ukiwa katikati yetu. Nimeona huo ni ujanja wangu ule ule. Sasa hivi nasikia umefunga maji na unauliza kwa sauti kitambaa cha kukaushia kiko wapi. Kiko juu ya pipa. Nitakuletea, na barua nitakuletea pamoja nacho, na nitakaa kwenye kigoda pale pale mpaka umalize kusoma, uniulize lolote, uniambie lolote. Sitapandisha sauti.

Kesho asubuhi utaamka, utatoka chumbani kwako, utanikuta nimesimama mlangoni. Ukiniamkia, nitaitikia. Usiponiamkia, nitafungua geti vile vile, na sitakuuliza kwa nini. Ila ya Mwita usiisahau. Yangu naweza kuisubiri.

Baba yako,
Marwa